Mfuko wa maafa wa wanafunzi Waislamu Mombasa: zaka, sadaka na stoo kabla ya masika

mwekahazina_tudor:

Assalamu alaikum warahmatullah wabarakatuh.

Jumuiya ya wanafunzi Waislamu chuoni kwetu, hapa kisiwani, yataka kuanzisha mfuko wa kudumu wa maafa. Mtindo wa hadi leo ni kwamba mvua hunyesha kwanza, nyumba za Kisauni na Jomvu zikaingia maji, ndipo bakuli lipitishwe baada ya swala na namba ya simu ya mtu mmoja isambazwe kwenye vikundi vya WhatsApp. Msaada hufika watu wameshalala na njaa siku kadhaa. Twataka vitu viwepo kabla.

Tuna wanachama kama 300. Kila mmoja akitoa shilingi 20 kwa wiki, muhula wa wiki 12 waleta shilingi 72,000, iwapo wote watatoa. Kuna sanduku la Ijumaa pia, na kila Ramadhani waliohitimu na wafanyabiashara hutuletea zaka. Naomba wanaoijua kazi hii wanieleze: zaka hiyo yaweza kuingia kwenye mfuko wa maandalizi? Tununue nini hasa, na kiasi gani, tukilenga familia 50? Pesa zikae wapi ili uongozi ukibadilika zisipotee? Na siku yenyewe ikifika tufanye kazi na nani?

faqihi_mvita:

Waalaikum salaam warahmatullah. Naanza na zaka, kwa kuwa hapo ndipo mifuko ya namna hii huharibika mapema na watu wema wakabaki na dhima shingoni.

Kwa madhehebu ya Imam Shafi, yaliyo ya wengi wetu huku pwani, zaka haiwekwi akiba kungojea maafa. Mtu akishamiliki nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, na mwaka wa mwandamo ukazunguka, sehemu moja kwa arubaini ya mali hiyo huwa ni haki ya mafungu manane yaliyotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60. Haki hiyo hutolewa bila kucheleweshwa maadamu mwenye kustahiki yupo. Naye yupo: ni mwanafunzi mwenzenu ambaye mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, umeishia kwenye karo na anashinda bila chakula cha mchana. Atakayefurikiwa Mei hamumjui Machi. Huyu mwamjua leo.

Kuna mambo mengine matatu ambayo kamati nyingi huyaruka.

Kwanza, jumuiya ya wanafunzi ni wakili wa mtoaji. Si amili, yaani mkusanyaji wa zaka aliyewekwa na mtawala. Kwa hivyo zaka ikikaa miezi minne kwenye akaunti yenu, mtoaji bado hajatoka kwenye dhima yake, ijapokuwa yeye anadhani amemaliza. Na kwa kuwa nyinyi si amili, hamna fungu la amili: nauli ya tuktuk, ujira wa hamali na chapa ya fomu havitoki kwenye zaka hata shilingi moja. Vitoke kwenye sadaka.

Pili, zaka ya pesa hutoka pesa, tena mpokeaji amilikishwe. Kuinunulia maturubai yakakaa stoo si kumilikisha mtu. Mafuriko yakitokea mkiwa na zaka mkononi, itumeni moja kwa moja kwa M-Pesa kwa Mwislamu fakiri, maskini au mwenye deni aliyeandikishwa kwa jina. Hiyo ni zaka sahihi, na humfikia haraka kuliko gunia.

Tatu, maji yakiingia mtaa wa Moroto hayabagui. Jirani asiye Mwislamu ana haki ya msaada wenu, na sadaka yafaa kumpa bila shaka yoyote. Zaka haimfai yeye kwa kauli ya madhehebu yetu. Mkichanganya mifuko miwili hii, siku ya kugawa itabidi mmuulize mtu dini yake akiwa amesimama ndani ya maji. Haifai kabisa.

Kwa hivyo mfuko wa maandalizi ujengwe kwa sadaka na wakfu. Kwenye sadaka, maneno ya tangazo ndiyo sharti. Mkitangaza "changieni mafuriko ya Tana River", pesa hizo zimefungwa kwa Tana River. Nyumba zikiungua Mji wa Kale wiki inayofuata hamwezi kuzigusa. Tangazeni hivi: "Sadaka ya maandalizi ya maafa, ikizidi, au maafa yasipotokea msimu huu, kamati itaitumia kwa dharura nyingine." Maneno hayo yabandikwe kwenye sanduku lenyewe, yasiishie kutamkwa tu kwenye matangazo ya Ijumaa.

Wakfu wataka kitu ambacho manufaa yake yatumika na chenyewe kikabaki: pampu ya maji, mahema, sufuria kubwa, machela. Chakula hakiwekwi wakfu, kwa kuwa kutumika kwake ndiko kuisha kwake. Pesa taslimu kwa Mashafi haziwi wakfu pia, ingawa wako wanazuoni wa madhehebu mengine walioziruhusu. Kila kitu cha wakfu kipigwe rangi WAKFU – MAAFA na kiandikwe kwenye daftari pamoja na sharti la aliyekitoa. Sufuria za wakfu wa maafa haziazimwi kwa arusi, na pampu ya wakfu haiuzwi chuma chakavu kwa kuwa mwenyekiti ameona nafasi imejaa. Mtu akitaka kuweka wakfu chumba au kiwanja, mpelekeni kwa Tume ya Wakfu. Makao yake yako hapa hapa Mombasa.

hesabu_safi:

Shekhe amemaliza upande wa hukumu. Naongeza upande wa pesa, kwa kuwa mafungu hayo matatu lazima yatenganishwe zinapoingia. Baadaye hazitenganishiki.

Msitumie simu ya mtu. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mweka hazina, kisheria pesa zilizomo ni zake. Akifariki zaweza kuingia kwenye mirathi, na akipoteza kitambulisho zimefungiwa mpaka apate kingine. Fungueni akaunti ya jumuiya kwenye benki inayofuata sharia, kwa barua ya afisi ya mkuu wa wanafunzi, muiunganishe na paybill, yaani namba ya kulipia kwa M-Pesa. Watia saini wawe watatu na malipo yatake wawili, na mmoja wa watatu awe mlezi wa jumuiya, mhadhiri au mfanyakazi wa chuo, kwa sababu yeye hahitimu. Akaunti yenye watia saini wote wa mwaka wa nne hufungika Desemba wakishaondoka.

Kwenye paybill kuna mahali pa kuandika namba ya akaunti. Hapo ndipo mahali pa kutenganisha: Z kwa zaka, S kwa sadaka, W kwa wakfu. Herufi moja tu. Mkiwaambia waandike neno zima mtapata "zakat", "zakah", "zk ramadhan" na jina la mtoaji mwenyewe. Taarifa za malipo siku hizi huficha sehemu ya namba ya mtumaji, basi hamtaweza kumpigia kumuuliza alinuia nini, na zaka yataka nia.

Sanduku la Ijumaa lihesabiwe na watu wawili kabla ya kutoka msikitini. Watie saini kwenye kitabu chenye kurasa zilizopigwa namba, na pesa ziende benki siku ile ile au Jumatatu asubuhi. Mwisho wa mwezi bandikeni ukutani karatasi moja: kilichoingia kwa kila herufi, kilichotoka, salio, na idadi ya vitu vilivyomo stoo. Msiandike majina ya watoaji wala ya waliopewa. Karatasi hiyo huvuta michango kuliko hotuba yoyote.

Zile shilingi 20 msizingojee zije zenyewe. Kila darasa liwe na mjumbe mmoja anayekumbusha siku maalumu ya wiki. Kutuma pesa kwa simu ya mwenzako hadi shilingi 100 hakukatwi ada, kwa hivyo mjumbe aweza kupokea za darasa lake na kuzituma pamoja kwenye paybill siku ile ile, na orodha aiweke kwenye kikundi cha darasa. Zisilale kwake. Mkitaka kutoka nje ya chuo kuchangisha barabarani au madukani, sheria ya Kenya ya michango ya umma yataka kibali kwanza. Msitoke na makopo bila hicho.

stoo_kisauni:

Upande wa vitu. Familia 50 za watu watano ni watu 250. Nitataja cha kila familia, nanyi zidisheni kwa 50.

Maturubai mawili ya mita 4 kwa 6. Kiwango cha mashirika ya misaada ni angalau mita za mraba 3.5 zilizofunikwa kwa kila mtu, kwa hivyo watano wataka 17.5. Turubai moja likilazwa lina 24, lakini likiinuliwa kuwa hema eneo la chini hupungua sana. Ndiyo maana yawe mawili, moja la paa na jingine la sakafu na upande wa upepo. Chagueni zito, karibu gramu 200 kwa mita ya mraba, lenye matundu ya chuma pembezoni. Yale mepesi ya bei rahisi huanza kuchanika kwenye matundu, maana masika huja na mwanzo wa upepo wa kusi. Kamba ya meta 30, unene wa milimita 6 au zaidi.

Mitungi miwili ya lita 20, mdomo mwembamba na kifuniko. Ndoo isiyo na mfuniko yapendwa kwa kuwa ni rahisi, lakini watu huchota kwa kikombe na mikono, na maji mliyotia dawa yachafuka tena hapo hapo. Vidonge vya klorini vya miligramu 67: kimoja kwa lita 20 za maji yaliyo meupe, viwili yakiwa na tope, halafu ngoja dakika 30. Kabla ya hapo chujeni kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, kwa sababu tope hula klorini na kidonge hakifanyi kazi. Familia ya watu watano yataka lita 75 kwa siku kwa matumizi yote, ila za kunywa na kupikia ni kama mitungi miwili; kwa wiki mbili ni vidonge 28, wekeni 40 kwa ajili ya siku za tope. Mwonyesheni mtu kwa macho jinsi ya kutumia. Wako waliopewa vidonge hivi wakavimeza wakidhani ni dawa ya tumbo.

Kisima kilichoingiwa na maji ya mafuriko, na huku Kisauni na Likoni visima viko karibu na vyoo vya shimo, msikitie dawa nyinyi. Mwiteni afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo.

Sabuni ya mche ya gramu 800, vipande vitatu, yatosha mwezi. Neti tatu, kwa hesabu ya neti moja kwa watu wawili. Mbu huzidi maji yakishatulia, watu wakiwa wameshasahau. Mikeka miwili na shuka tatu. Blanketi moja latosha, la mzee au mtoto mchanga. Orodha nyingi zimenakiliwa kutoka nchi za baridi na hujaza stoo ya Mombasa mablanketi yanayoota ukungu. Pedi na kanga mbili kwa kila mwanamke wa umri huo, zifungwe kando na zitolewe na dada. Chumvi ya kuhara (ORS) pamoja na vidonge vya zinki wakabidhiwe wanafunzi wa afya walio na mwalimu wao. Someni pakiti, maana zipo za nusu lita na za lita nzima, na ikikorogwa kwa maji pungufu yamdhuru mtoto.

Stoo yenyewe: hewa ya chumvi na unyevu ndio adui. Vitu viwe juu ya mbao, sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, na visiguse ukuta. Turubai likunjwe likiwa kavu kabisa. Tochi zihifadhiwe bila betri ndani, kwa sababu zikivuja zaila tochi yote. Kila boksi liandikwe tarehe ya mwisho ubavuni, si juu, ili isomeke hata yakipangwa. Hesabu kila miezi mitatu hivi, na ya lazima ni ya Februari na ya Septemba.

mwekahazina_tudor:

Allah awalipe kheri nyote. Nina swali la chakula. Wengi kwenye kamati wanataka tufunge vifurushi vya unga na mchele Ramadhani hii, tuviweke tayari mpaka mvua. Stoo_kisauni hukutaja chakula, ni kwa makusudi?

stoo_kisauni:

Ni kwa makusudi. Unga hauvumilii stoo ya Mombasa. Ukifyonza unyevu waota ukungu, na sumu ya kuvu kwenye mahindi haiondoki kwa kupika. Mkiuweka Machi na mvua kubwa ikaja Novemba, mtakuwa mmebeba hatari kuwapelekea watu waliokwisha kudhoofika.

Badala ya gunia, wekeni makubaliano. Nendeni kwa wauzaji wawili wa jumla, mmoja soko la Kongowea na mwingine upande wa pili wa maji, mwandikiane orodha na namna ya kupanga bei, na pesa za vifurushi 50 zibaki kwenye fungu la S bila kuguswa. Kifurushi cha familia ya watu watano kwa siku saba ni hiki: unga wa mahindi kilo 12, mchele kilo 2, maharagwe au pojo kilo 3, mafuta lita 1, sukari kilo 2, chumvi nusu kilo. Hesabu yake ni kama kalori 76,000, na mahitaji ya watu watano kwa wiki, kwa 2,100 kwa mtu kwa siku, ni 73,500. Mkipunguza mafuta ili kuokoa pesa mnapunguza nguvu nyingi kwa mara moja, basi punguzeni sukari kwanza.

Lakini siku mbili za mwanzo unga hauna kazi: seredani imelowa, makaa yamelowa. Cha siku hizo ni tende, mkate na maji ya chupa. Tende ndicho chakula cha pekee ninachokubali kikae stoo, zikiwa kwenye boksi lililofungwa, mbali na joto, zikazungushwa kila mwaka: za mwaka huu zisipotumika zifuturishe Ramadhani ijayo na mpya ziingie. Na msisahau pishi la mchele la zakatul fitri: hilo lagawiwa kabla ya swala ya Idi, haliwi akiba ya stoo.

bahari_likoni:

Naongeza mambo ambayo hayajaguswa, kwa kuwa jiografia yetu si ya mji wa kawaida.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, yaani pesa nyingi huingia muda mfupi kabla ya masika. Ni neema, ila kamati huzimaliza zote kufikia Juni. Vuli ndiyo husahauliwa. Bahari Hindi upande wetu ikipata joto kuliko upande wa mashariki, mvua za Oktoba hadi Desemba hupita kiasi: ndivyo ilivyokuwa 1997, 2006, 2019 na 2023. Wekeni kanuni kwamba nusu ya fungu la S haliguswi kabla ya Oktoba. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya masika na kabla ya vuli. Kikao cha kamati kiwekwe wiki ile unapotoka.

Mtazame na bamvua. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, pamoja na siku moja mbili baada yake, maji ya bahari hujaa zaidi ya mita tatu, na mitaro inayomwaga kwenye hori, yaani mkono wa bahari, haina pa kumwaga. Mvua ile ile ambayo siku ya maji mafu ingepita, siku ya bamvua huingia ndani ya nyumba. Kalenda ya Hijria mnayo ukutani: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 watu wa zamu wawe karibu na simu.

Stoo isiwe moja. Feri ya Likoni ikisimama au foleni ikifunga Daraja la Nyali, vifurushi 50 vya vifaa vilivyoko Tudor havimfikii mtu. Gawanyeni: 20 chuoni, 10 Likoni, 10 Kisauni, 10 upande wa Changamwe na Jomvu, kwenye msikiti au madrasa iliyo mahali pa juu, kwa hati ya makabidhiano. Kwa Tana River msijipeleke wenyewe. Novemba 2023 barabara ya Malindi ilifungwa kwenye daraja la Mbogolo, na magari ya misaada yasiyokuwa na mpango yakaongeza foleni tu. Tumeni pesa kwa walioko huko.

Siku yenyewe fanyeni kazi chini ya Msalaba Mwekundu, namba yao ya bure ni 1199, na kitengo cha maafa cha kaunti. Jitambulisheni kwao sasa, na waombeni mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watu 15 hivi. Kuandikisha waathiriwa fanyeni pamoja na mzee wa mtaa na imamu wa pale, kwa kaya, si kwa kichwa, na kila kaya ipewe kadi yenye namba. Gaweni mchana, foleni ya wazee na wenye watoto wachanga iwe kando. Picha za watu wakipokea msizipige: kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kabla yake kuna aya ya 264 ya Sura Al-Baqara, inayotuonya tusiibatilishe sadaka kwa masimango na maudhi.

Hakuna mwanafunzi kuingia kwenye maji yanayokwenda. Sentimita 15 za maji ya kasi zatosha kumwangusha mtu mzima, na 30 huelea gari dogo. Waya ukiwa umelala majini, pigeni 97771 ya Kenya Power na mzuie watu kusogea.

mwekahazina_tudor:

Nimenakili yote. La mwisho: chuo kikifungwa, stoo ya chuoni hufungwa na ufunguo hukaa na mlinzi ambaye hana ruhusa ya kutufungulia.

hesabu_safi:

Andikeni barua ya ruhusa ya dharura sasa, isainiwe na mkuu wa wanafunzi na mkuu wa usalama, yenye majina matatu ya wanafunzi ambao kwao ni Mombasa na nafasi ya mlezi. Nakala moja ibandikwe ndani ya kibanda cha walinzi, na muhula ukianza majina yaandikwe upya. Funguo ziwe tatu: ya chuo, ya mlezi, ya katibu. Siku ya kukabidhiana uongozi, kamati ya zamani na mpya ziingie stoo pamoja, zihesabu kitu kimoja kimoja kwa daftari, na saini ya benki isibadilishwe mpaka karatasi hiyo iwe imetiwa saini na pande zote mbili.